Mwanachama ni Nani? Usajili na Upigaji Kura katika Uchaguzi wa Wakurugenzi wa ICANN, 2000

Ikisiri

Makala haya yanachunguza uchaguzi wa wakurugenzi watano wa ICANN uliofanyika kupitia intaneti mnamo Oktoba 2000. ICANN ni shirika lisilo la kutafuta faida ambalo huratibu mfumo wa majina na anwani za intaneti ulimwenguni. Makala yanashikilia kwamba matokeo ya uchaguzi huo yaliamuliwa zaidi katika miezi ya kuwasajili wanachama kuliko katika siku kumi za kupiga kura, na kwamba uchache wa kura za Afrika hauwezi kuelezwa kwa kutojali kwa Waafrika wala kwa udhaifu wa posta peke yake. Uchanganuzi umejengwa juu ya takwimu za usajili na juu ya maana za neno mwanachama, neno ambalo katika uchaguzi huu lilibeba maana zisizopatana.

Utangulizi

Huenda msomaji akashangaa kukutana na mada ya uchaguzi wa shirika la intaneti katika jarida la wanafunzi wa Kiswahili. Hata hivyo, kiini cha mgogoro unaojadiliwa hapa ni neno, na maneno ndiyo mali ya msomi wa lugha. Neno lenyewe ni mwanachama.

Kimuundo, neno hili limeundwa kwa kuambatanisha mwana na chama, kwa ruwaza ile ile inayotupa mwananchi, mwanamaji na mwanasiasa. Kipashio mwana katika maneno ya aina hii hakirejelei umri. Kinarejelea uhusiano wa kuwa wa mahali fulani, yaani mtu ni wa nchi na nchi ni yake. Kwa mujibu wa ruwaza hii, mwanachama si mtu aliyeandikwa jina kwenye daftari tu, bali ni mtu ambaye chama ni chake.

Matumizi ya kila siku nchini Kenya yanathibitisha jambo hili. Katika chama cha akina mama cha kuchangiana fedha, mwanachama ni yule anayetoa mchango, anayehudhuria mkutano na ambaye kauli yake husikizwa fedha zinapogawanywa. Akikosa kutoa mchango kwa muda mrefu, wenzake hawasemi kwamba ameacha kuwa mwanachama. Husema tu kwamba si mwanachama hai. Tofauti hii kati ya mwanachama na mwanachama hai ni tofauti ya kisheria iliyozaliwa katika vinywa vya watu wa kawaida, na kama itakavyodhihirika, ndiyo tofauti iliyowatatiza wanasheria wa California.

Usuli wa uchaguzi

Kabla ya mwaka 1998, sehemu kubwa ya kazi ya kuratibu majina na nambari za intaneti ilifanywa na mwanasayansi mmoja, Jon Postel wa Chuo Kikuu cha Southern California, pamoja na wenzake wachache, chini ya mikataba na serikali ya Marekani. Mtandao ulipopanuka na majina yake yakaanza kuuzwa kwa fedha nyingi, utaratibu huo wa kuaminiana haukutosha tena. Mnamo Juni 1998 serikali ya Marekani ilichapisha sera iliyotaka jukumu hilo likabidhiwe shirika la kibinafsi lisilo la kutafuta faida. ICANN iliasisiwa Septemba mwaka huo katika jimbo la California. Postel mwenyewe alifariki mwezi uliofuata, kabla ya shirika kusimama imara.

Mamlaka ya shirika hili yanaonekana kuwa ya kiufundi, lakini si ya kiufundi tu. Ni nani ataruhusiwa kuanzisha kiishio kipya cha majina mbali na .com na .org? Kampuni kubwa ikidai jina ambalo mtu mdogo alilisajili mapema, ni kanuni ya nani itakayotumika? Haya ni maswali ya ugavi wa mali. Ndiyo maana muundo wa bodi ulibishaniwa vikali tangu siku ya kwanza.

Bodi ilikusudiwa kuwa na wakurugenzi 19. Tisa wangetoka katika mashirika matatu ya wadau maalumu, mmoja angekuwa rais wa shirika, na tisa waliosalia wangewakilisha watumiaji wa kawaida wa intaneti. Tisa hawa wa mwisho, katika bodi ya kwanza, waliteuliwa bila kupigiwa kura na mtu yeyote, kwa ahadi kwamba uchaguzi ungefuata. Pendekezo la awali lilikuwa watumiaji wachague baraza, nalo baraza ndilo liwachague wakurugenzi. Pendekezo hilo lilikosolewa na mashirika ya kiraia ya Marekani, na katika mkutano wa Cairo mnamo Machi 2000 bodi ilikubali kulegeza msimamo. Watumiaji wangewachagua wakurugenzi moja kwa moja, ila watano tu, mmoja kutoka kila eneo kuu la dunia: Afrika, Asia na Pasifiki, Ulaya, Marekani ya Kusini na Karibi, na Marekani ya Kaskazini. Wakurugenzi wanne miongoni mwa wale walioteuliwa mwanzoni wangeendelea kukalia viti vyao. Wakosoaji hawakulisahau jambo hili la mwisho.

Masharti ya kujiunga yalikuwa mepesi mno ukiyatazama juu juu. Mtu yeyote mwenye umri wa miaka 16 au zaidi, mwenye anwani ya baruapepe na anwani ya posta, aliweza kujisajili bila kulipa ada. Baada ya kujisajili alitumiwa barua ya karatasi yenye nambari ya siri. Alipoipokea alitakiwa kurudi kwenye tarakilishi na kuitumia nambari hiyo kuhuisha uanachama wake. Barua hiyo ndiyo iliyokuwa kinga dhidi ya udanganyifu, kwani mtu anaweza kujitungia anwani mia za baruapepe kwa alasiri moja lakini si rahisi kujitungia masanduku mia ya posta. Usajili ulianza Februari 2000 na kufungwa tarehe 31 Julai; upigaji kura ulifanyika kati ya tarehe 1 na 10 Oktoba. Wapiga kura waliwapanga wagombea kwa kufuata upendeleo, wa kwanza hadi wa mwisho, na kura za wagombea waliotoka nyuma zikahamishiwa chaguo lililofuata.

Ngazi tatu za uanachama

Kanuni za mwanzo zilikuwa zimetaka wanachama wafike angalau 5,000 kabla ya uchaguzi kufanyika. Waliojitokeza walipita kiwango hicho zaidi ya mara thelathini, na kufikia mwisho wa Julai mitambo ya usajili ilikuwa imezidiwa hata baadhi ya watu wakashindwa kuufikia ukurasa wa kujiandikisha. Jedwali lifuatalo linaonyesha idadi ya watu katika kila ngazi.

Jedwali 1: Wanachama kwa eneo na kwa ngazi

| Eneo | Waliojisajili | Waliohuisha | Waliopiga kura |
|---|---|---|---|
| Afrika | 787 | 315 | 130 |
| Asia na Pasifiki | 93,782 | 38,246 | 17,745 |
| Ulaya | 35,942 | 23,442 | 11,309 |
| Marekani ya Kusini na Karibi | 6,486 | 3,548 | 1,402 |
| Marekani ya Kaskazini | 21,596 | 10,632 | 3,449 |
| Jumla | 158,593 | 76,183 | 34,035 |

Kwa jumla, katika kila watu 100 waliojisajili, 48 walihuisha uanachama wao na takriban 21 tu ndio waliopiga kura. Tukizitumia istilahi za Kiswahili cha chama, tutasema kwamba hawa ni watu wa aina tatu: aliyejiandikisha, mwanachama hai, na mpiga kura.

Jicho la msomaji wa Afrika Mashariki huvutwa mara moja na safu ya kwanza ya jedwali. Bara zima lilitoa watu 787, yaani chini ya nusu ya asilimia moja ya waliojisajili wote. Maelezo mawili humjia mtu haraka. La kwanza ni kwamba posta ya Afrika ndiyo iliyowaangusha: barua ilitoka ng'ambo, ikafika katika sanduku la posta la shule au la kanisa linalotumiwa na watu hamsini, ikapotelea humo. La pili ni kwamba Waafrika hawakujali. Maelezo yote mawili yana mvuto, na yote mawili yanakanushwa na tarakimu zenyewe.

Tuanze na posta. Waafrika waliohuisha uanachama wao ni asilimia 40 ya waliojisajili. Katika Asia na Pasifiki, eneo lenye Japani na huduma zake za posta zinazosifika, waliohuisha ni asilimia 41. Ni kweli kwamba Ulaya ilifikia asilimia 65, lakini Marekani ya Kaskazini yenyewe haikufika nusu. Barua ilikuwa kikwazo kwa ulimwengu mzima. Haikuwa kikwazo cha Afrika pekee.

Kuhusu kutojali, tuwatazame wale waliokuwa tayari wamehuisha uanachama na kubakiwa na jambo moja tu la kufanya, kupiga kura. Miongoni mwa Waafrika, asilimia 41 walipiga kura. Miongoni mwa wakazi wa Marekani ya Kaskazini, eneo ambamo intaneti ilizaliwa na ambamo kuipata kulikuwa rahisi zaidi, waliopiga kura ni asilimia 32. Mwanachama hai wa Afrika alikuwa mpiga kura mwaminifu kuliko mwenzake wa huko.

Hesabu moja zaidi inatosha kulimaliza jambo hili. Tuseme Waafrika 787 wangehuisha uanachama kwa kiwango cha Ulaya, kisha wapige kura kwa kiwango cha Ulaya. Kura zingekuwa takriban 248. Na lau wote 787 wangepiga kura bila kubaki hata mmoja, bado wangekuwa wachache kuliko wapiga kura 1,402 wa Marekani ya Kusini na Karibi, eneo lililofuata kwa uchache. Kwa hivyo pengo halikutokea katika posta wala katika siku za kura. Lilitokea katika ngazi ya kwanza kabisa, ile ya kuandikisha watu, na yafaa swali liulizwe hapo.

Nani aliyewasajili?

Takwimu za usajili huzungumzwa mara nyingi kana kwamba watu hujitokeza wenyewe, kama uyoga baada ya mvua. Ukweli ni kwamba mtu hujiandikisha kwa kuwa kuna aliyemwita. Jambo hili linafahamika vyema kwa yeyote aliyewahi kushuhudia uchaguzi wa chama cha ushirika au wa chama cha wanafunzi chuoni, ambapo mgombea mwerevu huanza kampeni zake kwa kuwaandikisha marafiki, si kwa kuwahutubia waliokwisha kuandikishwa.

Nchini Ujerumani, vyombo vya habari vililibeba suala hili kwa uzito. Jarida la Der Spiegel liliendesha kampeni ya kuwahimiza wasomaji wake wajisajili, nao Wakfu wa Bertelsmann ukafadhili mradi wa kuhamasisha umma kuhusu uchaguzi huo. Matokeo yake ni kwamba zaidi ya nusu ya Waulaya waliojisajili walitoka Ujerumani. Mshindi wa Ulaya alikuwa Mjerumani, Andy Müller-Maguhn, kijana wa Chaos Computer Club, chama cha wadukuzi kilichojulikana kwa kuanika udhaifu wa mifumo ya tarakilishi. Huko Asia, makampuni na taasisi za Japani ziliwahimiza wafanyakazi wao wajiandikishe. Habari hizo zilipoenea, mwito kama huo ulitolewa Uchina, na usajili ukageuka kuwa mashindano ya mataifa. Mshindi alikuwa Mjapani, Masanobu Katoh wa kampuni ya Fujitsu. Kiti cha Marekani ya Kusini kilikwenda Brazili, kwa Ivan Moura Campos.

Hapa ndipo penye uzito wa hoja. Ukitazama siku za kura peke yake utaona wagombea, maswali na majibu, na sera zilizopimwa. Ukitazama miezi ya usajili utaona kwamba ramani ya ushindi ilikuwa imechorwa kabla ya tarehe 1 Oktoba. Kampeni ya usajili ilikuwa ndiyo kampeni yenyewe, na aliyekuwa na jarida, kampuni au serikali ya kuwaita watu alikuwa na sauti kubwa kuliko mwenye hoja nzuri. Hata hivyo, isidhaniwe kwamba wenye nguvu walipata kila walichotaka. Wagombea wengi walipendekezwa na Kamati ya Uteuzi iliyoundwa na shirika. Wengine walijitokeza kwa kukusanya uungwaji mkono wa sehemu fulani ya wanachama wa eneo lao. Washindi wawili kati ya watano, Müller-Maguhn wa Ulaya na Karl Auerbach wa Marekani ya Kaskazini, walipitia njia hii ya pili, na wote wawili walikuwa wakosoaji wa shirika lenyewe. Mlango uliofunguliwa kwa tahadhari ulikuwa umewaingiza watu ambao wenye nyumba hawakuwaalika.

Je, nani angewaita Waafrika? Magazeti ya kanda hii hayakuwa na sababu ya kibiashara ya kufanya hivyo. Mwananchi wa kawaida aliyeingia intaneti mwaka 2000 mjini Nairobi, Mombasa au Kisumu aliingia katika duka la huduma za mtandao, akalipa kwa dakika, na ukurasa uliokataa kufunguka ulimla fedha vilevile. Wale wachache waliojua maana ya ICANN walikuwa wahandisi wenye mapambano mengine. Nchini Kenya, mathalani, watoaji wa huduma za intaneti walikuwa wakianzisha kituo cha kubadilishana data, KIXP, ili ujumbe kutoka Nairobi kwenda Nairobi usilazimike kuzunguka ng'ambo. Kilifunguliwa mwishoni mwa mwaka 2000, kikafungwa kwa amri ya mdhibiti baada ya malalamiko ya kampuni iliyokuwa na ukiritimba, na hakikufunguliwa tena hadi Februari 2002. Watu waliokuwa wakipigania haki ya kuunganisha nyaya zao wenyewe hawakuwa na nafasi ya kusajili wapiga kura wa bodi ya California.

Kura 130

Kiti cha Afrika kilishindwa na Nii Quaynor wa Ghana, mmojawapo wa waasisi wa intaneti katika Afrika Magharibi, aliyependekezwa na Kamati ya Uteuzi. Hakuna ajuaye historia ya mtandao barani anayeweza kusema kwamba bara liliwakilishwa na mtu asiyestahili. Lakini ubora wa mshindi hauondoi swali la uhalali: watu 130, ambao wangetosha katika ukumbi mmoja wa mihadhara, walimchagua mjumbe wa bara lenye nchi zaidi ya hamsini.

Kwa hesabu ya vichwa, mwanachama hai mmoja wa Afrika alikuwa na uzito wa wanachama hai 121 wa Asia na Pasifiki. Wapo waliouona utaratibu huo kuwa dhuluma dhidi ya Asia. Makala haya hayaafikiani nao. Usawa wa maeneo na usawa wa vichwa ni kanuni mbili tofauti, na kila chombo cha uwakilishi hulazimika kuchagua kiasi cha kila moja. Msomaji wa Kenya ana mfano karibu: chini ya Katiba ya mwaka 2010, kaunti ya Lamu huchagua seneta mmoja na kaunti ya Nairobi huchagua seneta mmoja, ingawa kwa sensa ya mwaka 2019 Nairobi ina watu takriban mara thelathini ya Lamu. Jambo hili linakubalika kwa kuwa Lamu ina maslahi yake ambayo wingi wa Nairobi ungeyameza. Vivyo hivyo, bila kanuni ya maeneo Afrika isingepata kiti hata kimoja mwaka 2000.

Tofauti iliyopo ni kwamba uchache wa Lamu ni uchache wa wakazi, ilhali uchache wa Afrika katika daftari la ICANN ulikuwa uchache wa waliofikiwa. Seneta wa Lamu anajua anamwakilisha nani. Mkurugenzi wa Afrika aliwawakilisha watu 130 waliompigia au kumnyima kura, na pamoja nao mamilioni ambao hawakujua kwamba uchaguzi ulikuwepo. Mzigo huo si wa kulaumiwa yeye.

Mwanachama asiye mwanachama

Sheria ya California kuhusu mashirika yasiyo ya kutafuta faida humpa mwanachama wa shirika haki maalumu, zikiwemo haki za kushtaki kwa niaba ya shirika na kukagua baadhi ya kumbukumbu zake. Waliotunga kanuni za ICANN walilifahamu hili. Wakaandika bayana kwamba shirika halitakuwa na wanachama kwa maana ya neno hilo katika sheria. Watu 158,593 walikuwa wakiitwa wanachama katika kila tangazo la usajili, na papo hapo kanuni zikatamka kwamba si wanachama.

Hili ni tukio la kisemantiki lisilo la kawaida. Neno limetumiwa kwa maana mbili na mtu yule yule katika jambo lile lile, moja ya kuita na nyingine ya kuzuia. Kiswahili kingelazimika kutafuta neno jingine kwa maana ya pili. Yamkini kingesema msajiliwa, au kwa ukali zaidi, mgeni mwalikwa. Mgeni mwalikwa hula karamu lakini haulizi bei ya ng'ombe. Mzungumzaji wa Kiswahili akiambiwa kwamba yeye ni mwanachama wa chama ambacho si chake, ataona kwamba sehemu mojawapo ya neno lenyewe imeng'olewa.

Athari za mgongano huu hazikubaki katika karatasi. Auerbach, akiwa mkurugenzi aliyechaguliwa, aliomba kukagua kumbukumbu za shirika na akawekewa masharti aliyoyakataa. Mnamo Machi 2002 alilishtaki shirika alilokuwa mkurugenzi wake, na katikati ya mwaka huo mahakama ya California iliamua kwamba alikuwa na haki ya kuzikagua. Alishinda kama mkurugenzi. Waliomchagua wasingeweza hata kuifungua kesi hiyo.

Kutoka Cairo hadi Accra

Baada ya uchaguzi, shirika liliunda kamati ya kuchunguza mustakabali wa uanachama, chini ya uenyekiti wa Carl Bildt, aliyewahi kuwa waziri mkuu wa Uswidi. Ripoti yake ya Novemba 2001 ilipendekeza uchaguzi uendelee, lakini uanachama uwe wa wenye kumiliki majina ya intaneti. Kwa pendekezo hilo, sharti la kuwa mtumiaji lingegeuka kuwa sharti la kuwa na mali, jambo linalokumbusha enzi ambapo kura ilikuwa ya mwenye shamba. Mwafrika aliyelipa kwa dakika katika duka la mtandao, asiye na jina lake la intaneti, angekuwa nje kabisa.

Hata pendekezo hilo halikutekelezwa. Februari 2002 rais wa shirika, Stuart Lynn, alitoa waraka uliodai kwamba muundo uliopo haukufaa na kwamba uchaguzi wa kimataifa kupitia mtandao haukuwa njia ya kufaa ya kulipa shirika uwajibikaji kwa umma. Mwezi uliofuata, katika mkutano wa Accra, bodi iliamua kutofanya uchaguzi mwingine wa aina hiyo. Kanuni mpya zilizoanza kutumika Desemba 2002 zilikabidhi kazi ya kuwapata wakurugenzi wengi kwa Kamati ya Uteuzi. Kura ya moja kwa moja ilikubaliwa katika jiji moja la Afrika na kuzikwa katika jingine, miaka miwili tu baadaye.

Haki itendeke: hoja za waliouzika zilikuwa na msingi. Gharama zilikuwa kubwa, uhakiki wa utambulisho ulikuwa dhaifu, na mashindano ya kitaifa ya usajili yalionyesha jinsi daftari linavyoweza kutekwa na wenye uwezo wa kuandikisha. Lakini tiba iliyochaguliwa haikulingana na ugonjwa. Kama kasoro ilikuwa katika usajili, ingetarajiwa usajili ndio urekebishwe: muda uongezwe, watu wa maeneo yaliyoachwa nyuma waendewe, barua itafutiwe mbadala. Badala yake iliondolewa kura. Ni kama mwalimu anayegundua kwamba nusu ya darasa haikupewa karatasi ya mtihani, naye akaamua kufuta mtihani na kuwateua wa kufaulu.

Baada ya 2002

Watumiaji wa kawaida walipewa nafasi mpya kupitia miungano ya kimaeneo, ule wa Afrika ukiundwa mwaka 2007 kwa jina la AFRALO. Katika mfumo huu mwanachama ni hasa kikundi badala ya mtu mmoja mmoja kama mwaka 2000: chama cha watumiaji, asasi ya kiraia, taasisi. Tangu mwaka 2010 jumuiya hiyo ya watumiaji duniani humchagua mkurugenzi mmoja mwenye kura katika bodi. Viti vitano vilivyopiganiwa mwaka 2000 vikawa kimoja, na kura ya mtu ikawa kura ya kikundi.

Quaynor, baada ya muhula wake, alikuwa mwenyekiti wa kwanza wa bodi ya AFRINIC, shirika lisilo la kutafuta faida lenye makao yake Mauritius, lililotambuliwa rasmi mwaka 2005 kuwa mgawaji wa nambari za intaneti barani Afrika. Huko uanachama una sura nyingine tena. Wapiga kura ni makampuni na taasisi zilizogawiwa nambari, kila moja ikisema kupitia mtu iliyemwidhinisha. Bodi yake ilipoteza akidi mwaka 2022, na Septemba 2023 mahakama ya Mauritius ikamteua msimamizi wa kuliongoza shirika hadi uchaguzi ufanyike. Uchaguzi wa Juni 2025 ulibatilishwa kufuatia mzozo kuhusu hati ya uwakilishi, yaani karatasi inayompa mtu mmoja mamlaka ya kupiga kura kwa niaba ya mwanachama mwingine. Ulirudiwa Septemba mwaka huo, na bodi ikapatikana.

Mwaka 2000 mwanachama wa Afrika alitambuliwa kwa barua iliyofika katika sanduku lake la posta, na waliotambuliwa hivyo walikuwa 315. Mwaka 2025 mabishano yalihusu sahihi iliyo chini ya hati, na kama aliyeishika hati hiyo alikuwa ametumwa kweli na mwenye kura.